Mashine ilisema simama, watu wakasema twende!

Raha bila breki ni karaha, jamani! Nyie mnaopenda kujirusha kwenye bembea za umeme, leo nawapa kisa cha Alton Towers, bustani ya michezo kule Uingereza.

Mwaka 2013 walizindua Smiler, kitreni kinachomgeuza abiria kichwa chini miguu juu mara 14 katika safari moja. Vijana wakajazana kweli kweli.

Juni 2, 2015 behewa tupu la majaribio likakwama njiani. Kompyuta ikaliona, ikakizuia kitreni chenye abiria 16. Mafundi wakadhani kompyuta imekosea, wakaipuuza, wakakiruhusu. Kishindo chake usiulize! Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja, na wengine kadhaa wakaumia vibaya.

Smiler ikafungwa hadi Machi 2016. Septemba mwaka huo mahakama ikaitwanga kampuni faini ya pauni milioni 5.

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Wanadhani mshiko ule waligawana majeruhi. Wapi! Faini inakwenda serikalini. Fidia ni dai jingine: majeruhi anaidai kampuni kupitia wakili wake, na hapo yanapigwa mahesabu ya matibabu, mguu wa bandia na kazi aliyopoteza. Afadhali kampuni ilikiri kosa.

Mimi ushauri wangu ni mmoja: mtambo ukisimama ghafla, usipige miluzi wala kudai hela yako. Waache wakague. Mguu hauna spea!