Kabla ya kadi ya rangi, fungua kabati la kanga

Anayemalizia nyumba siku hizi hupita njia ileile, awe Mbagala, Kisauni au Bujumbura. Plasta ikishakauka na ukuta ukishapigwa msasa, fundi rangi anauliza: “Bosi, tunapaka rangi gani?” Hapo ndipo mwenye nyumba, aliyekuwa na jibu la kila jambo tangu msingi hadi paa, anapokwama. Anakwenda dukani kuchukua kadi yenye vijiraba vya rangi visivyohesabika, au anafungua simu aangalie picha za sebule za Ulaya. Siku zinakwenda, fundi anamsubiri, na mwishowe anaamua rangi ya maziwa kwa kuwa jirani naye kapaka hiyo hiyo.

Sina ugomvi na rangi ya maziwa. Ninachopinga ni mahali tunapoanzia. Kadi ya rangi inafaa kuagizia, haifai kutafutia wazo. Kijiraba kinachotosha ncha ya kidole hakiwezi kukuonyesha ukuta mzima utakavyokuwa, wala hakijui kwamba makochi yako ni ya kahawia na marumaru yako yana mawimbi ya kijivu. Wakati huohuo, katika nyumba nyingi za ukanda wetu kuna kabati lenye vitambaa ambavyo rangi zake zilikwisha kupangwa na watu wanaoijua kazi hiyo. Tuanzie huko.

Toa kanga unayoipenda, ile ambayo hukubali kuigawa hata ikichakaa. Itandike sakafuni mchana, pazia likiwa limefunguliwa, kisha rudi nyuma hatua chache na uitazame kwa macho yaliyosinzia kidogo, maua na maneno yapotee, zibaki rangi tu. Sasa zihesabu. Mara nyingi utapata mbili au tatu, ukizidisha sana nne. Si kwamba wabunifu waliishiwa mawazo. Katika uchapaji wa vitambaa kila rangi huhitaji kibao, fremu au rola yake, na kila rangi inayoongezwa ni gharama. Tangu kanga ilipoanza kuvaliwa Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, waliozibuni wamelazimika kupata uzuri wote kutoka kwenye rangi chache. Pale Mombasa, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, wenye ile chapa maarufu ya “Mali ya Abdulla”, uko kwenye biashara hiyo tangu 1887. Watu wanaochagua rangi kwa vizazi vingi namna hiyo, huku wateja wao wakiwa akina mama wasiodanganyika kwa kitambaa, wanastahili kusikilizwa na mwenye nyumba pia.

Jambo la pili la kutazama ni kila rangi imepewa nafasi gani, na hili ndilo wengi hulisahau. Kanga ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa 150. Pindo linaizunguka, mji uko katikati, na jina limekaa upande wa chini wa mji. Tuseme pindo lina sentimita 15 kila upande. Ukipiga hesabu, mji unabaki na asilimia 58 ya kitambaa, na pindo linachukua 42. Ndani ya pindo hilo kuna madoa, korosho au michirizi ya rangi ya tatu, ambayo ni kidogo sana ukiijumlisha, lakini ukiitoa kanga yote inapooza. Wapambaji wa majumba wa Ulaya na Marekani wana kanuni yao: asilimia 60 ya chumba iwe rangi kuu, 30 rangi ya pili, na 10 rangi ya kuchangamsha. Bibi aliyekaa barazani amejifunga kanga amebeba karibu hesabu hiyohiyo kiunoni.

Twende kwenye chumba chenyewe. Tuseme kanga uliyoitandika ina mji wa manjano iliyopoa, pindo la damu ya mzee na madoa meupe. Manjano ndiyo itakwenda ukutani, lakini si kwa ukali uleule. Rangi iliyotulia kwenye kitambaa hupiga kelele ikienea kwenye kuta nne, kwa hiyo mwambie muuzaji aipunguze hadi ikaribie rangi ya siagi. Damu ya mzee iende kwenye pazia na zulia, au kwenye kochi moja kubwa kama unabadilisha kitambaa cha makochi. Nyeupe ibaki kwa fremu za madirisha, foronya mbili tatu na dari. Basi. Ukiona una hamu ya kuongeza bluu ya televisheni na kijani cha maua ya plastiki, rudi ukaitazame kanga. Nayo ingeweza kuongezewa, aliyeibuni akakataa.

Usishangae pia rangi uliyoipenda dukani ikibadilika tabia ikifika nyumbani. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanakemia, alisimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris katika karne ya 19. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu, zimepauka. Akazichunguza, akakuta weusi wake ni mzuri kama wa kiwanda kingine chochote. Tatizo lilitokana na rangi zilizofumwa pembeni yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kinaeleza kwa urefu jinsi jicho linavyoisoma rangi kwa kuitazama jirani yake. Ndiyo maana kijivu kilekile huonekana kina kijani ukikiweka karibu na makochi mekundu, na huonekana kimepata joto ukikiweka karibu na pazia la bluu. Anayechagua rangi ya ukuta bila kuleta kipande cha pazia na kigae kimoja cha sakafuni anachagua akiwa amefumba macho.

Kuna mpango mmoja wa rangi ambao siachi kuustaajabia, kwa sababu umezuka sehemu mbili zilizo mbalimbali. Pwani tuna kisutu, kanga ya bibi harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukienda mashariki mwa Rwanda, wilaya ya Kirehe, utakuta imigongo, na rangi zake za jadi ni hizohizo tatu. Imigongo ilianza kama pambo la ndani ya nyumba. Mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, yakafinyangwa kwa mkono yawe matuta membamba yanayokwenda kwa pembe na mizunguko, kisha hupakwa rangi. Nyekundu na nyeupe hutoka kwenye udongo, na nyeusi hutokana na majivu ya maganda ya ndizi yakichanganywa na utomvu wa mshubiri. Simulizi za huko zinamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanzisha sanaa hiyo ili kupamba kuta za nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikaribia kupotea, na wanawake wa Nyakarambi, huko huko Kirehe, ndio walioishika tena mpaka leo inauzwa dunia nzima.

Anayetaka kuleta rangi hizo tatu nyumbani aangalie jambo moja. Katika imigongo, matuta yanaitia rangi kivuli, na kivuli ndicho kinachoitiisha. Kwenye ukuta laini uliopigwa rola hakuna kitu cha kuitiisha nyekundu. Kwa hiyo kuta ziwe nyeupe iliyopoa, nyeusi iwe ya vyuma vya dirisha na miguu ya meza, na nyekundu iwe ya kitu kimoja unachoweza kukihamisha: mto, taa, au ubao wa imigongo wenyewe ukining'inia peke yake. Nimeona sebule iliyopakwa ukuta mzima nyekundu ya kisutu, na wenye nyumba wameishia kukaa barazani.

Nyeupe nayo ina makazi yake. Picha nyingi za vyumba vyeupe kabisa tunazoziona zinatoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la majira ya baridi ni hafifu na watu hupaka nyeupe ili kukusanya kila mwanga unaopatikana. Hapa petu, sebule yenye madirisha makubwa yanayotazama magharibi, ukiipaka nyeupe inayong'aa, saa tisa alasiri hutaweza kusoma gazeti. Lakini nendeni Lamu mkaone weupe unavyofanya kazi. Nyumba za zamani za huko, mji ambao tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali, na mwanga huingia ukitokea kiwandani, yaani ule ua wa ndani, si mtaani. Unavuka msana (ukumbi mwembamba) wa kwanza, unavuka wa pili, unazidi kuingia kivulini. Weupe wa chokaa ile haung'ai; huupokea mwanga kidogo uliopo na kuusukuma chumba cha ndani. Rangi ziliachiwa vitu: sahani za kauri za bluu na nyeupe kutoka China zikiwa zimepangwa kwenye zidaka, yaani mashubaka ya ukutani, mkeka sakafuni, kitambaa kitandani.

Kwa walio na nyumba za namna hiyo Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa ya zamani, nina ombi. Msizipake rangi ya plastiki. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba, maji hubaki ndani, na baada ya misimu kadhaa ya masika utaona mapele, kisha ukuta unabanduka pamoja na plasta yake. Chokaa ya kupaka bado inapatikana, na inakubali kutiwa rangi kidogo ya udongo kwa anayetaka joto.

Mkeka nimeutaja kwa kupita, ila una somo lake. Mkeka wa ukindu hushonwa kwa kuunganisha kili, yaani mikanda iliyosukwa, na zilizo nyingi huachwa na rangi yake ya asili. Zile za zambarau, kijani au nyekundu hupita kama mistari tu. Mwenye bajeti ndogo aige hapo. Mbao zisizopakwa, kamba, udongo wa kuchoma na makuti tayari ni rangi, na hazigombani na chochote. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia rangi za mafuta za makopo ya dukani juu ya hadibodi, na picha zake nyingi zina mandhari ya rangi moja tu nyuma ya mnyama. Ukitundika picha ya namna hiyo, chukua rangi ya ukuta kwenye ile ya nyuma, si kwenye madoa ya chui.

Rangi ikishachaguliwa, ijaribu kabla hujanunua ndoo. Nunua kopo dogo kabisa linalouzwa, paka mikono miwili kwenye kipande cha hadibodi cha nusu mita kwa nusu mita, acha kikauke hadi kesho yake. Kisimamishe ukutani asubuhi, kihamishie ukuta wa pili adhuhuri, kitazame tena taa zikiwashwa. Nyumba yenye ua wa udongo mwekundu hurudisha wekundu ndani, na yenye mwembe dirishani hurudisha kijani. Usiku ni habari nyingine. Soma boksi la balbu: iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wenye ubluu, na ya 3000K hutoa wa njano. Ile rangi ya siagi tuliyoitoa kwenye kanga itageuka kama maji ya mchele chini ya balbu ya kwanza, na itachangamka chini ya ya pili. Kubadilisha balbu ni bei ndogo kuliko kurudia ukuta.

Hesabu ya rangi pia ifanye mwenyewe. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za mita 3, ukitoa mlango na madirisha, kina kama mita 40 za kupaka. Kwa mikono miwili ni lita 8 hivi, basi galoni mbili zinakaribia kutosha, wala hakuna haja ya ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho peke yake. Fedha inayobaki ipeleke kwenye kitambaa kizuri cha pazia.

Unapokwenda dukani beba kanga yenyewe, si picha yake kwenye simu, maana kila kioo cha simu kina rangi zake. Baadhi ya maduka yanayochanganya rangi kwa mashine yana kifaa cha kusoma rangi ya kitambaa na kukutafutia iliyo karibu nayo. Wakishaichanganya, namba ya mchanganyiko iandikwe juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika, na fundi akimaliza mwambie akubakizie nusu lita. Watoto watauchafua ukuta huo, na bila ile namba hutaipata tena rangi ileile.