Wanawake wa Samoa, chale za Wamakonde na karatasi za mpakani

RUSIZI. Kila alfajiri wanawake hupanga foleni kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, beseni kichwani, kitambulisho mkononi, wavuke kwenda Bukavu. Bila karatasi, nyanya zinarudi nyumbani.

Kuna mahali ambapo mwanamke alibeba kitambulisho chake mwilini. Filamu ya Marks of Mana, ya mwaka 2018, inaonyesha tatuu za jadi za wanawake wa visiwa vya Pasifiki. Mtengenezaji wake ni Lisa Taouma, mwenye asili ya Samoa anayeishi New Zealand. Tatuu ya mwanamke wa Kisamoa huitwa malu. Huanzia mapajani na kuishia chini kidogo ya goti. Fundi hugonga kwa kijiti kifaa chenye meno ya mfupa au pembe ya nguruwe dume, na wino wake ni masizi. Inauma, tena kwa saa nyingi. Hata hivyo, wasichana wa Kisamoa waliozaliwa ughaibuni wanaitafuta.

Wasamoa husimulia kwamba ufundi huo uliletwa kutoka Fiji na mapacha wa kike, Taema na Tilafaiga. Walikuja wakiogelea huku wakiimba kwamba wachorwe wanawake, si wanaume. Njiani wakapiga mbizi kufuata chaza. Walipoibuka, wimbo ulikuwa umegeuka: wachorwe wanaume. Mfanyabiashara aliyewahi kutuma bei ng'ambo kwa mdomo wa mtu hatashangaa.

Kwetu, mfano wa karibu ni Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji, pande mbili za mto Ruvuma. Wazee wao, wake kwa waume, walichanjwa chale usoni zikapakwa masizi. Wanawake walivaa pia ndonya kwenye mdomo wa juu. Mmakonde alimtambua mwenzake bila kuuliza. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, FRELIMO ilizipiga vita chale hizo, na vijana wakaziacha.

Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge walikuta serikali isiyosoma uso. Waliishi huko miongo mingi bila vitambulisho: bila akaunti ya benki, bila leseni ya biashara. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Wakawa kabila la 43 la Kenya. Kadi hiyo inataka alama za vidole, si chale.