Figo la Ndama na Zizi la Baba

Siku moja nikifundisha habari za seli huko Merti, mwanafunzi mmoja, mwana wa mfugaji, aliniuliza: "Mwalimu, seli hizi zitamfaa nini ng'ombe wa baba?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kule Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua figo la ndama, wakalikatakata, wakalitia kimeng'enya hata seli zikaachana moja moja. Wakazilisha ndani ya chupa. Zikashika kiooni, zikaongezeka. Kisha wakaziambukiza virusi vya sotoka, wakivihamisha kutoka kizazi kimoja cha seli hadi kingine takriban mara 90, mpaka vikapoteza ukali wake. Hivyo ndivyo ilivyopatikana, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chanjo salama, isiyo ghali, yenye kumkinga ng'ombe maisha yake yote.

Kisa cha mwisho cha sotoka kilithibitishwa mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, jirani na Isiolo yetu. Mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kuwa ugonjwa huo umetokomezwa.

Walimu wenzangu, tusiwakaririshe watoto kiini na utando kana kwamba ni mambo ya ng'ambo. Chanjo hii ilizaliwa nchini mwetu, na zizi la baba ni shahidi. Mtoto akiuliza tusilolijua, tusimkemee. Tukiri, kisha tukatafute.