Visiwani Lamu, maji ndiyo hupanga saa ya safari

Je, msomaji, umewahi kufika kituo cha basi ukaambiwa kwamba gari litaondoka "maji yakijaa"? Bila shaka ungedhani unafanyiwa mzaha. Lakini katika visiwa vya Lamu, hilo limekuwa jibu la kawaida gatini kwa karne nyingi.

Ukitoka Mombasa kwa basi kupitia Malindi na Witu, safari ya gari inakomea Mokowe. Mbele yako ni bahari. Huna budi kubeba mizigo yako hadi gatini na kuingia botini. Hata ukija kwa ndege utatua kisiwa cha Manda, na hapo pia ni lazima uvuke. Mbali na Lamu na Manda, kuna Ndau, Kiwayu, na kisiwa kikubwa cha Pate chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini.

Mitepe na majahazi

Hapo zamani watu wa visiwa hivi walisafiri kwa mtepe. Chombo hicho hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mkeka lilikuwa na pembe nne. Wabajuni walisifika kwa kuunda mitepe, lakini vyombo hivyo vilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20.

Jahazi ndilo lililobaki, lenye misumari na tanga la pembe tatu. Hili halikuwa la abiria peke yao. Lilipakia boriti za mikoko, nafaka na mbuzi, na abiria akatafuta pa kukaa juu ya shehena. Upepo ukifa, mabaharia walishika makasia au pondo.

Hesabu ya maji

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari kuu huchafuka. Kwa hivyo wasafiri wa Pate walipendelea kupita ndani, katika Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara. Nahodha aliyechelewa alikwama matopeni, na abiria wake wakasubiri saa kadhaa hadi maji yajae tena.

Nawe mwanafunzi, fanya hesabu hii. Maji hujaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25. Basi kama leo yamejaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Watoto wa visiwani hujifunza haya kabla ya kujua kusoma saa.

Injini ilipokuja

Injini ilishinda upepo, lakini haikuyashinda maji. Boti ya dizeli hutoka Lamu hadi Mtangawanda, kisiwani Pate, kwa muda wa saa mbili hivi. Hapo abiria wa mji wa Pate hushuka na kwenda kwa miguu, kwa kuwa pwani ya mji wao ni ya kina kifupi. Chombo cha kwenda Siyu hupenya katikati ya mikoko, nacho hungoja maji. Hata mtalii anayekwenda kuona magofu ya Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17, hungoja vivyo hivyo.

Kwa mtalii, kungoja ni sehemu ya starehe. Lakini mfikirie mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku wakati maji yamekupwa, na hospitali iko ng'ambo. Tena haraka ya kuwahi maji ndiyo huwafanya watu wakubali kujazana katika boti moja.

Kwa hivyo, ukipanga kuwapeleka watoto Lamu likizo hii, muulize nahodha saa ya maji mapema. Kila mmoja wenu avae jaketi la kujiokolea kabla kamba haijafunguliwa. Na ukiona boti imejaa kupita kiasi, shuka bila kuona haya. Maji yatajaa tena, lakini uhai haurudi.