Uvira: Watu wa kinga ndio wanaojua njia

Saa kumi na moja alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Burundi, barabara ya kitaifa nambari 5 inayopita Uvira si ya magari wala ya pikipiki. Ni ya kinga. Baiskeli hizo zinaingia kutoka upande wa Kavimvira moja nyuma ya nyingine, bila taa, na unazisikia kabla ya kuziona: mnyororo unaolia, bidoni za maziwa zinazogongana, mtu anayepiga mluzi ili wa miguu asogee pembeni. Zimebeba makaa, mihogo, mchele wa Sange, miwa ya Kiliba. Ikifika saa mbili nyingi zimeshapakua mzigo na kugeuza, na barabara inabaki kwa magari na vumbi lake.

Kuna nchi ambako watu hupanda baiskeli kwa kujifurahisha tu, na vitabu vinauzwa vya kuwaonyesha njia: barabara ndogo za mashambani, vilima vya kupanda na kushuka, magari machache, kijiji cha kupumzikia. Ukitafuta njia za namna hiyo katika Kivu Kusini, zipo. Uvira imekaa pazuri kuliko miji mingi, ziwa mbele, mlima mgongoni, bonde la Ruzizi kaskazini na pwani ya Fizi kusini. Wanaozijua njia hizo kwa miguu yao ni wachukuzi wa kinga, lakini ni mara chache mtu kuwauliza kitu kingine isipokuwa bei.

Tuanze na bonde, kwa sababu ndiko kwepesi. Ukitoka Kavimvira unapita Kawizi, Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi, Bwegera, Luvungi na Katogota hadi Kamanyola, kama kilomita 80 kutoka mjini. Unapanda, lakini miguu haina habari. Mto Ruzizi ndio unaoeleza sababu: unatoka Ziwa Kivu kwenye mita 1 460 juu ya usawa wa bahari na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 na kitu, na sehemu kubwa ya mteremko huo unaumaliza ndani ya makorongo, kule ziliko mashine za umeme za Ruzizi ya kwanza na ya pili, kabla haujafika Kamanyola. Kutoka hapo unakuwa mto mvivu, unazungukazunguka kwenye mchanga na majani marefu, na barabara iliyo pembeni yake inakuwa vilevile.

Kinachosumbua bondeni ni upepo. Usiku hewa baridi inashuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Mchana udongo wa bonde unapata moto, na hewa ya ziwa inavutwa kuelekea kaskazini. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini unazidisha nguvu hiyo. Sasa angalia saa za wachukuzi: wanashuka mjini na mzigo mzito kabla ya mapambazuko, hewa ikiwa imetulia au ikiwasukuma mgongoni, na wanarudi mchana wakiwa watupu au na mzigo mdogo wa sabuni, chumvi na ndagala, upepo wa ziwa ukiwapandisha. Ratiba hiyo haikuandikwa na mwalimu wa jografia. Anayelala mpaka saa tatu kisha akaondoka Luvungi kuja Uvira ataula upepo usoni mpaka Kavimvira, na akifika hatasahau.

Lakini uzuri wa bonde hauko kwenye barabara kubwa. Uko Kiliba, kwenye njia zilizochorwa kati ya mashamba ya miwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari kilichosimama wakati wa vita vya 1996. Njia zimenyooka, mifereji iko pembeni, na unaweza kwenda muda mrefu bila kukutana na gari hata moja. Ukielekea Sange na Luberizi unakuta mashamba ya mchele, na ndege weupe wanaotembea nyuma ya wakulima. Mvua ikinyesha, sahau: udongo unajaa kwenye gurudumu mpaka unalazimika kuibeba kinga yako begani, jambo ambalo mwenye kilo themanini za mihogo hawezi. Ukipita Sange, utakuta bado watu wanaokuonyesha mahali lori la petroli lilipopinduka usiku wa tarehe 2 Julai 2010 na kuua zaidi ya watu 200. Barabara hii ina kumbukumbu zake, na wanaoipita polepole ndio wanaozisikia.

Kusini ni kitu kingine. Baada ya bandari ya Kalundu mlima unasogea mpaka karibu na maji, na barabara inakosa pa kukaa. Inapanda kidogo juu ya mwamba, inashuka kwenye mto, inapanda tena. Kigongo, Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, na mwisho Baraka. Kama kuna mahali panapostahili maneno yale ya vitabuni, vilima na mashamba na maji ya buluu upande mmoja, ni hapa. Kuna michikichi, kuna mihogo iliyoanikwa kandokando ya barabara, kuna ndagala zinazokauka kwenye mchanga, na harufu yake inakwambia umekaribia kijiji kabla hujakiona. Makobola yenyewe ni jina ambalo watu wa Fizi hawalitaji bila kukumbuka mauaji ya mwisho wa mwaka 1998. Lusenda ni jina la kambi iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na tangu hapo kinga za njia hii zimebeba pia kuni na maharagwe ya watu waliofika bila kitu.

Mito ndiyo inayoamua kama njia ya kusini ipo au haipo. Inatoka juu sana na kufikia ziwa baada ya kilomita chache tu, kwa hiyo mvua ya saa mbili mlimani ni mawe barabarani. Uvira mjini iliona hivyo Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kuua makumi ya watu. Ziwa nalo likapanda miaka hiyo na kumeza nyumba, mashamba na sehemu za barabara zilizokuwa karibu na maji. Gari linasubiri daraja. Kinga inabebwa mabegani na vijana wawili, kwa bei inayopatanwa majini.

Anayetaka mlima wa kweli ana mambo mawili. Kuna barabara ya udongo inayoacha bonde na kupanda Lemera, kule ambako Daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla hospitali haijashambuliwa Oktoba 1996. Na kuna Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi, ambapo barabara inarudisha kwa zigizaga ule urefu wote ambao Ruzizi iliuporomosha. Watu wengi wenye magari na karatasi huikwepa Ngomo kwa kupita lami ya Rwanda, Bugarama hadi Kamembe. Ngomo ya kupanda ni kusukuma. Ya kushuka ni ndala iliyobanwa kwenye tairi ya nyuma, maana breki za kinga zetu, zile Phoenix za chuma zilizoungwa mara tano, haziwezi kushika mzigo kwenye mteremko kama ule.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wana mlima wao mkubwa zaidi. Kutoka Bujumbura hadi Bugarama ya Burundi unapanda zaidi ya mita elfu moja, na wabeba ndizi wa huko hujulikana kwa kujishikiza nyuma ya malori wanapopanda na kushuka kwa kasi inayotisha. Wengine hawakurudi nyumbani. Machi 2022 serikali ya Burundi iliondoa baiskeli, pikipiki na tuktuk katikati ya Bujumbura. Waliosimamishwa walikuwa wale wale waliokuwa wakiulisha mji. Kisangani, kinyume chake, kuna watu wanaojiita tolekiste waliofanya baiskeli kuwa teksi ya mji mzima, na Goma imeipa chukudu sanamu yake katikati ya mji. Kinga ya Uvira haina sanamu.

Sasa hilo neno utulivu. Vitabu vile vya njia vinasema barabara tulivu ni barabara isiyo na magari. Kwetu barabara isiyo na mtu ni habari, na si habari njema. Mchukuzi wa bonde akitembea robo saa bila kukutana na kinga inayokuja mbele yake, anasimama. Anauliza mama anayelima. Kama na mama hayupo shambani, anageuza. Tangu Februari 2025, M23 ilipochukua Bukavu na kisha Kamanyola, njia ya bonde ilikatika vipande, na mwezi wa Desemba vita vilishuka mpaka Uvira kwenyewe. Vijiji nilivyovitaja hapo juu kwa mstari mmoja, kana kwamba ni vituo vya matembezi, kila kimoja kimekimbiwa na watu wake, vingine zaidi ya mara moja.

Na hata siku ambazo hakuna risasi, kuna bariera. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Antwerp huko Ubelgiji, walihesabu bariera 798 katika Kivu zote mbili, za jeshi, za vikundi vyenye silaha na za ofisi za serikali. Kamba, mti uliolazwa, wakati mwingine kiti tu na mtu aliyekalia. Mwenye kinga analipa kama mwenye lori, ingawa faida yake yote inaingia kwenye bidoni moja. Kilicho cha ajabu ni kwamba asiye na mzigo ndiye anayesimamishwa muda mrefu zaidi. Mwenye makaa anaeleweka. Anayesema anapanda kinga kwa ajili ya mazoezi anaulizwa nani amemtuma.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 267 juu ya vilima vya mji, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Baiskeli yake ina uzito wa kilo saba hivi. Rwanda ilianza miaka mingi nyuma kutafuta vijana wenye miguu, na haikuwatafuta mbali na barabara. Huku kwetu kuna vijana wanaoweka kilomita 60 kabla ya chai, na kilo themanini nyuma, na hakuna mtu aliyewahi kusimama Kavimvira na saa mkononi kuwahesabia dakika. Mkoa wenye vita una mambo mengine ya kufanya, hilo naelewa. Lakini saa moja ya mkononi si ghali.

Kwa anayetaka kujaribu, njia fupi ni Kavimvira hadi Runingu na kurudi, ukipitia mashamba ya Kiliba. Inatosha asubuhi moja, katika kiangazi. Jioni kabla ya safari, pita kwa fundi yeyote wa kinga pale Kavimvira na umuulize wangapi wamerudi leo kutoka Sange. Yeye ndiye anayewajazia upepo wakienda na kuwazibia tairi wakirudi, kwa hiyo anajua hesabu. Akikutajia namba, ondoka saa kumi na moja. Akinyamaza kidogo kwanza, mwachie kinga yako akutengenezee breki, na urudi kulala.