Kununua JCB Iliyotumika: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, mashine yenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimba nyuma huitwa JCB, hata ikiwa imeundwa na kampuni nyingine. Jina hilo ni la kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Joseph Cyril Bamford mwaka wa 1945. Hapa Kwale mashine hiyo huchimba misingi ya nyumba na mashimo ya maji taka, mitaro ya mabomba, na silanga za kunyweshea mifugo upande wa Kinango.

Mashine mpya ni ghali, hivyo wengi hununua iliyotumika. Mara nyingi fedha zenyewe ni akiba ya chama ya miaka kadhaa, au mkopo uliochukuliwa kwa dhamana ya shamba la familia. Anayekosea katika ununuzi huu anaweza kupoteza mashine na shamba pamoja. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anashauriwa kukagua mambo matatu kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza: kazi, mashine na karatasi.

Je, kazi ipo?

Mashine iliyoegeshwa haiingizi kitu, lakini mkopo hausubiri. Mnunuzi apige hesabu ya saa ambazo mashine itafanya kazi kwa mwezi. Kwa mfano, ikipata kazi siku 12 na kila siku ikachimba saa 6, hizo ni saa 72. Ikitumia lita 8 za dizeli kwa saa, itahitaji lita 576. Hapo bado mshahara wa opereta, bima, matairi, grisi, vipuri na rejesho la mkopo. Ikiwa saa zinazotarajiwa hazitoshi kulipia hayo, ni heri kukodi mashine kila kazi inapotokea.

Ukaguzi wa mashine

Rangi mpya isimdanganye mtu. Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji, na afike wakati injini ni baridi. Injini iliyowashwa mapema inaweza kuficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Moshi mweupe au wa buluu usiokatika, na oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili za ugonjwa mkubwa.

Mita ya saa ilinganishwe na hali ya pedali, kiti na vishikio. Mita ikionyesha saa chache huku pedali zimelika, iulizwe sababu. Mkono utikiswe ili kuona kama pini na bushi zimelegea, hasa pale mkono unapogeukia kulia na kushoto. Sehemu zilizochomelewa zitazamwe kwa makini, kwani mkono uliopasuka mara moja unaweza kupasuka tena.

Kisha mkono uinuliwe, injini izimwe, na watu wakae mbali kwa dakika 10. Mkono ukishuka wenyewe upesi, mafuta ya haidroliki yanavuja ndani, na matengenezo yake si ya bei ndogo.

Pwani ina adha zake. Hewa ya chumvi hula vyuma, nyaya na vyuma laini vya silinda za haidroliki. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya mchanga wa Diani humaliza meno ya ndoo na kulegeza pini. Mashine iliyofanya kazi karibu na bahari ikaguliwe hadi chini ya tumbo, na atakayeinunua aizoee kazi ya kuiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kupaka pini grisi kila siku ya kazi.

Karatasi kabla ya fedha

Namba ya fremu na ya injini zilingane na zilizo kwenye logbuku. Muuzaji awe ndiye mwenye jina, au awe na idhini ya maandishi. Uhamisho wa umiliki hufanywa kupitia NTSA kwenye eCitizen: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Kuachiwa ufunguo na logbuku yenye jina la mtu mwingine si umiliki.

Mashine inaweza kuwa imewekwa dhamana ya mkopo. Sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu haki za dhamana juu ya mali inayohamishika ilianzisha sajili ambamo madeni ya namna hiyo huandikwa. Mnunuzi atafute humo kwanza, kwa sababu mkopeshaji aliyeandikisha haki yake anaweza kuifuata mashine hata ikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Baada ya kununua

Opereta awe na leseni ya daraja la G, ambalo ni la mitambo ya viwanda, ujenzi na kilimo. Kabla ya kuchimba, mwenye kazi aonyeshe idhini ya ujenzi kutoka kwa kaunti, na kibali cha NEMA pale kinapohitajika. Kingo za mito kama Ramisi na Mkurumudzi, ufuo wa bahari na misitu ya kaya havichimbwi kwa makubaliano ya mdomo. Kaya Kinondo, kwa mfano, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka wa 2008.

Mabomba ya maji na nyaya za umeme ziulizwe kwa wenyewe kabla ndoo haijagusa ardhi. Mtu yeyote asisimame chini ya mkono ulioinuliwa, wala asishuke kwenye mtaro wenye kina ambao kuta zake hazijazuiwa.

Muuzaji akimharakisha mnunuzi kwa kusema kuna mwingine anakuja na fedha jioni, mnunuzi amwache huyo mwingine anunue. Mashine nyingine itapatikana, lakini shamba lililopigwa mnada halirudi kwa urahisi.