Nakala Kwanza, Ndipo Swichi Iguswe

Ndugu wafanyakazi,

Katika kiwanda chetu cha chai, kuingia kazini ni kwa mashine ya kidole. Hesabu hupita katika kisanduku kiitwacho swichi, kinachounganisha mashine na kompyuta za ofisi. Usiku mmoja fundi alibadili programu ya swichi bila kuweka nakala. Ilipowaka, ilikuwa imesahau mipangilio yake yote. Kwa siku mbili vidole havikufika ofisini, na mwisho wa mwezi tukakatwa mshahara kama watoro.

Tusimlaumu fundi. Naye ni mfanyakazi, aliamriwa amalize kabla ya zamu ya asubuhi. Lakini utaratibu upo:

1. Mipangilio ihifadhiwe ndani ya swichi, maana isiyohifadhiwa hupotea umeme ukikatika.

2. Nakala ya mipangilio na ya programu ya zamani zipelekwe kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya kuhamisha faili, kama TFTP. Kanuni za TFTP za mwaka 1981 na 1992 hazikuweka neno la siri. Kwa hiyo SCP ni salama zaidi.

3. Programu mpya ikaguliwe kwamba imefika nzima, ndipo swichi izimwe na kuwashwa. Ikikataa, ya zamani irudishwe.

Tawi letu lilidai, na siku zetu zikalipwa. Sasa kila siku ya matengenezo daftari la karatasi huwekwa langoni. Nanyi daini hivyo kabla hamjakatwa.

Umoja ni nguvu.